Karibuni Kaya ya Mfano

Haya, kaeni vizuri, na mwenye chungu motoni akakipunguzie kuni kwanza, maana hadithi hii ni ya kubana matumizi na sitaki kusikia mtu ameunguza wali kwa sababu yangu. Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Kutaja jina ni kutumia pumzi, na pumzi nazo tumeshauriwa tuziangalie.

Katika nchi hiyo iliundwa Wizara ya Kubana Matumizi ya Kaya. Iliundwa kwa nia njema kabisa, na mimi nisiyejua mengi nasema kwa moyo mweupe kwamba sijapata kuona nia njema yenye ghorofa nyingi kama ile. Jengo lote ni vioo, na ndani mna baridi ya mashine, kali hata maofisa wakaomba masweta. Masweta yakanunuliwa. Baada ya masweta akaajiriwa mtu wa kuyafua. Waziri wake ni Mheshimiwa Kibindo Machano, mtu mnene mwenye huruma, ambaye husafiri na msururu wa magari ili, kama alivyotueleza mwenyewe, asilichakaze gari moja.

Jambo la kwanza Wizara ilitoa Mwongozo. Ulisomwa redioni asubuhi na jioni na bwana mwenye sauti ya kutangaza msiba. Mwongozo ulisema familia zizime taa zisizotumika. Kwetu mtaa wa Chumvini umeme ulikuwa umejizima wenyewe tangu Ramadhani, tukajiona tumetangulia. Ulisema familia zipunguze nyama, tukatazamana. Ulisema kila kaya ishuke kutoka milo mitatu kwa siku hadi miwili. Hapo jirani yangu Mama Chausiku, ambaye kinywa chake hakina pazia, alimwendea mwenyekiti wa mtaa akamuuliza: sisi tunaokula mlo mmoja na chai, tunaruhusiwa kupanda hadi kwenye miwili? Mwenyekiti akaenda kuuliza juu. Jibu likarudi kwamba kupanda kunahitaji kibali, na vibali vimesitishwa kwa muda ili kuokoa karatasi.

*

Mimi ndiye Mama Mize. Mume wangu Vuai anatengeneza baiskeli, na maneno yake huyatoa kama anayetoa sadaka kwa mkono wa kushoto, kidogo na kwa siri. Tunaishi na mama yake, Bi Jokha, ambaye macho yamezimika lakini masikio yamebaki yote. Na tulikuwa na binti yetu Mize, aliyeposwa na kijana aitwaye Suwedi, fundi wa majiko. Suwedi sina neno naye. Neno lilikuwa kwa mama yake, Bi Mwanakhamisi, mwanamke ambaye akihudhuria harusi anaweza kukuambia baada ya mwaka ni sahani ya nani iliyokosa zabibu.

Na kwetu chakula cha harusi hutoka kwa mama wa bibi harusi. Usipolisha, si wewe utakayesemwa. Atasemwa binti, ndani ya nyumba ya watu, kila wali ukiiva, mpaka azeeke.

Basi nikabana. Naomba tuelewane hapa, kwa sababu watu wanachanganya. Ubahili na kubana si ndugu. Bahili anacho na hataki kukitumia. Mimi sikuwa nacho, nikakitumia vizuri. Vipande vya sabuni vilivyobaki nilivitia kwenye soksi moja iliyopotelewa na mwenziwe, nikafulia soksi nzima. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye mchicha wangu uliooteshwa ndani ya mabeseni mabovu. Mkaa tulinunua gunia sisi na kina Mama Chausiku, tukagawana kwa kopo. Maharage niliyaloweka usiku kucha, nikayachemsha mpaka yakaanza kulegea, halafu sufuria naifunika, naitia ndani ya kapu kubwa la ukili lililojaa matambara, naigubika blanketi kuukuu, naenda zangu. Nikirudi adhuhuri yameiva yenyewe bila kaa hata moja. Mama yangu alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa na mama yake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na wizara.

Na kubwa kuliko yote ilikuwa konzi. Kila nikipima mchele wa kupika, kabla sijauosha, nilichota konzi moja, ujazo wa kiganja, nikairudisha. Konzi moja tu, hata Vuai hakuwa akiona upungufu, au aliona akanyamaza. Tangu siku ilipoingia barua ya posa ya Suwedi, konzi hizo zilikuwa zikienda kwenye gunia lililosimama nyuma ya kitanda chetu, pamoja na majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasije wakafanya harusi kabla yetu. Gunia lile likajaa mpaka mdomoni. Nikalishona. Nilikuwa nikilipita nalipiga kofi dogo, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake wa maziwa.

*

Sasa lazima niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo mtatuona wajinga.

Kwetu mtu akikukuta unakula, au chakula kinanukia, unamwambia "karibu". Lazima. Hata kama ni tonge la mwisho na liko njiani kwenda kinywani, unalisimamisha hewani unasema karibu. Na yeye lazima ajibu "starehe", maana yake usihangaike, kaa ulivyo, mimi nimeshapata. Hata kama hajala tangu jana. Hata kama macho yanamtoka. Mtoto kwetu hujifunza "starehe" kabla hajajifunza kutembea sawasawa, na akiikosea hupigwa jicho na mama yake ambalo hatalisahau. Ndiyo maana tunaweza kukaribisha kwa moyo wote: tunajua hakuna atakayekuja.

Siku moja adhuhuri ikapigwa hodi. Bi Jokha, ambaye husikia nyayo kabla hazijageuka kona, aliita kutoka chumbani, "Karibuni." Mlangoni alisimama bwana mwembamba amevaa sweta katika jua lile, na nyuma yake wenzake wenye mikoba. Alijitambulisha kuwa ni Bwana Ngwali, Mkaguzi Mkuu wa Vyungu, na kwamba Wizara imeamua kukagua kaya saa za mlo kwa sababu ndipo matumizi yanapopatikana yakiwa hai. Sisi tulikuwa ndio kwanza tumekaa mkekani. Nikasema kama nilivyolelewa, "Karibuni chakula."

"Ahsante," akasema Bwana Ngwali, akavua viatu.

Wallahi nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama Vuai, Vuai akaitazama sinia. Mize alisimama kwenda kutafuta vijiko, na hatukuwa navyo vya kutosha. Baadaye nilisikia kwamba maofisa hawa wote walisomeshwa semina za nje, miaka na miaka, na huko walifundishwa mambo mazito sana, ila somo la starehe halikuwemo. Simlaumu mtu. Walikula. Waliuliza kama kuna ukoko. Bwana Ngwali aliramba kidole akataka kujua ni kwa nini maharage ni laini namna hii na jiko ni baridi, nami kwa ujinga wangu, kwa kujivuna kidogo, nikamwonyesha kapu.

Alilizunguka. Akalifunua blanketi, akalifunika. Akawaita wenzake wakaja kulipiga picha huku na huku. Mmoja wao alipima kimo chake kwa utepe. Bwana Ngwali alisema, kwa sauti ya mtu anayeona kaburi la babu yake, kwamba Wizara imetuma wataalamu ng'ambo kutafuta kitu hiki hasa, na bado hawajarudi.

*

Haikupita wiki wakaja na kibao. Kikachimbiwa mbele ya nyumba, pale lilipokuwa beseni langu zuri la mchicha: KAYA YA MFANO. Mheshimiwa Kibindo Machano alikuja mwenyewe kukizindua, magari yakajaa mpaka kwenye kona ya msikiti. Alitoa hotuba ndefu juu ya umuhimu wa ufupi. Alisema nchi nzima ni kaya moja, baba yake ni Serikali na mama yake ni Subira, na kwamba katika kaya moja hakuna changu wala chako. Tukapiga makofi. Halafu adhuhuri ikaingia, na Bi Jokha akasikia nyayo zote zile zimesimama uani bila kuondoka, akaita, "Karibuni."

Siku ile ndipo nilipoufungua mshono wa gunia kwa mara ya kwanza. Nilijiambia nitachukua pishi moja tu na nitairudisha kwa konzi.

Baada ya Waziri wakaja makatibu wa mikoa, kujifunza. Baada yao wakaja maofisa wa wilaya, kujifunza jinsi makatibu wa mikoa walivyojifunza. Ukaja ujumbe wa nchi jirani, watu wapole sana, wakaletewa mkalimani, naye mkalimani alikula kuliko wote. Walikuja wanafunzi wa Chuo cha Uchumi wa Nyumbani wakaniuliza kanuni ya kapu. Nikawaambia kanuni yake ni blanketi. Wakaandika. Kila ugeni ulikuja saa ya mlo, kwa agizo, na kila ugeni ulijibu ahsante. Gunia lililokuwa limesimama wima likaanza kukaa, na siku za harusi zinakaribia. Mize alikuwa haniulizi. Alikuwa akiingia chumbani kufagia, na ufagio ukifika nyuma ya kitanda nausikia unasimama.

Msifikiri nilikaa tu. Nilihamisha mlo, nikapika asubuhi watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Wizara ikatoa waraka kwamba kaya ya mfano imebuni chakula cha mapema, na wageni wote wakaja mapema. Nikaacha kupika kabisa, tukashinda na chai. Bwana Ngwali alifika na ujumbe wake, akalikuta jiko limelala, kapu tupu, watu wamejikunyata. Machozi yalimlenga. Akasema kwa miaka yote ya utumishi wake hajaona kubana kulikofikia kiwango hiki. Wakaniongezea kibao cha pili, KAYA YA MFANO DARAJA LA DHAHABU, kisha wakakaa mkekani kusubiri. Walisubiri kwa adabu, wakizungumza mambo ya hali ya hewa, mpaka Bi Jokha akaniita chumbani akaninong'oneza kwamba yeye hajazeeka mpaka hapa ili nyumba ya marehemu mumewe ije kusemwa kwamba wageni wameondoka na njaa. Nikaenda nyuma ya kitanda.

"Mama," nilimwambia, "huu ni mchele wa harusi ya Mize."

"Najua ni wa nani," akasema. "Na wale wako nje ni wageni wa nani?"

Hasira ilinipanda mpaka kwenye masikio, na sikujua niiweke wapi. Ningemkasirikia nani? Desturi ni yangu. Kapu ni langu. Hata ile kauli ya kukaribisha ilitoka ndani ya kinywa changu mwenyewe, kila siku, kwa tabasamu.

*

Nikaenda Wizarani. Nilivaa buibui langu la Idi nikapanda ngazi, maana lifti ilikuwa ya wenye mamlaka ya kupumzisha miguu. Nilikaa kwenye benchi nikitetemeka kwa baridi mpaka mtu mmoja aliyenionea huruma akaniazima sweta la Serikali. Nilipoingizwa, Mheshimiwa alikuwa ameshakula, anachokonoa meno, na kiyoyozi hakikuweza kuificha harufu ya kuku wa kupaka.

Nilimweleza yote. Nilimweleza konzi, na gunia, na Bi Mwanakhamisi. Nikamwomba kitu kimoja tu, king'olewe kile kibao. Alinisikiliza kwa huruma, kichwa kimeelekea upande.

"Mama Mize," akasema, "kukichimbia tulitumia gharama. Kuking'oa ni gharama nyingine. Unataka wewe, wewe hasa, uwe sababu ya Wizara hii kutumia mara mbili?"

Nikasema basi nitaking'oa mwenyewe, bure. Akaniambia kuharibu mali ya Serikali nako kuna gharama zake, na hizo hulipwa na mharibifu. Halafu akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili laini, akasema mimi ni hazina ya taifa. Nikamwambia hazina nayo huisha. Akacheka sana, akamwambia katibu wake aliandike neno lile, atalitumia.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mize amelishika gunia kwa mikono miwili, amelikung'uta juu ya ungo. Zilianguka chembechembe na majani ya mwarobaini. Hakulia. Alisema tu, "Mama, tusogeze siku." Nami nikamwambia siku haisogei, watu wameshaalikwa, na kwa Bi Mwanakhamisi siku ikisogezwa hutafutiwa sababu, na sababu wakiikosa huitunga.

*

Katika hali hiyo ndipo ilipofika kadi. Ilikuwa nene, ya dhahabu pembeni. Ilitualika kwenye Siku ya Taifa ya Kubana Matumizi, katika uwanja wa Wizara, itakayofuatiwa na dhifa ya wageni rasmi. Na siku yenyewe ilikuwa Jumapili ile ile ya harusi. Niliitupa chini. Vuai aliiokota, akaisoma polepole, mdomo ukicheza, akaigeuza akasoma na nyuma. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo namhesabia kuwa ndiyo mahari yake ya kweli kwangu.

"Imeandikwa, Kaya ya Mfano yote ihudhurie."

Tukatazamana. Nikakumbuka hotuba ya Mheshimiwa, kwamba nchi nzima ni kaya moja. Nchi nzima nisingeweza kuihamisha, lakini harusi moja ningeweza.

Nikah ilifungwa asubuhi msikitini, kimya na kwa heshima. Watu walipotoka wakitazama ni wapi moshi wa jikoni unatokea, nikawaambia chakula kinaliwa mbele kidogo, tufuatane. Ngoma ikaanza. Mize alikuwa amependeza mwanangu, ushungi wa kijani, hina mpaka kwenye viwiko. Bi Jokha alipakiwa kwenye toroli la Vuai lililotandikwa mto. Bi Mwanakhamisi alitembea na kundi lake la mashangazi, shingo juu, anahesabu kasoro.

Njiani niliwasimamisha kwenye kivuli cha ukuta nikawafundisha. Niliwaambia leo desturi tunaiweka mfukoni kwa saa moja. Watu hawa wamekula kwangu mpaka gunia likakung'utwa, na hawakusema starehe hata siku moja. Leo wakitukaribisha, jibu ni ahsante, na kuvua viatu. Mama Chausiku alisema kwake halina shida, amelisubiri neno hilo maisha yake yote. Wengine walicheka kwa aibu. Bi Jokha alikuwa mgumu. Aliuliza ni mtu gani atakayesema ahsante kabla ya starehe, kafiri au mwendawazimu? Nilimpigia magoti pale vumbini. Nilimwambia ni kwa ajili ya Mize. Akasema, "Haya. Ahsante." Alilisema kama anatema mbegu.

Tukafanya mazoezi. Mpiga ngoma alipiga, mimi nikasema karibuni, wao wote wakajibu ahsante. Tulirudia mpaka likatoka zuri, kwa sauti moja, hata wapita njia wakatupigia vigelegele.

Langoni alisimama Bwana Ngwali na sweta lake. Aliniona, akatabasamu; akaiona harusi, tabasamu likakwama. Akasema tumekuja wengi. Nikampa kadi. Nikamwambia kwa upole kwamba nchi nzima ni kaya moja, hivyo kwa kweli tumekuja wachache. Akatazama kibao cha picha ya Mheshimiwa kilichokuwa na maneno yale yale kwa herufi kubwa. Akatupisha.

*

Uwanjani yalisimama mahema meupe. Jamani, pilau ile. Ilikuwa milima. Kulikuwa na mbuzi mzima aliyekaa juu ya wali kana kwamba yeye ndiye mgeni rasmi, na sambusa, na mikate ya kumimina, na sharubati za rangi ambazo sijapata kuziona kwenye tunda. Meza kuu walikuwa wameshaanza. Mheshimiwa Kibindo Machano alikuwa na paja la kuku mkononi, nusu liko ndani, nusu liko nje.

Ngoma ikanyamaza yenyewe. Tulisimama mbele yake, harusi nzima, vumbi miguuni, Bi Jokha kwenye toroli, Mize mbele kabisa ameinamisha kichwa. Wapiga picha wa televisheni walitugeukia. Mate yalinijaa mdomoni hata nikaogopa nitashindwa kusema. Neno lilikuwa tayari pale pale, mbele ya meno: ahsante, ahsante, ahsante.

Mheshimiwa alitutazama. Na semina zote zile, na ghorofa zote zile, lakini naye alizaliwa na mama kama sisi, na mama yake naye alimpiga jicho. Lile paja likasimama hewani. Akasema, kinywa kimejaa:

"Karibuni."

"Starehe," tukasema.

Wote. Msitafute aliyeanza, tulianza pamoja kama watu wanaoitikia amina. Alisema Bi Jokha, alisema Mama Chausiku aliyelisubiri neno lingine maisha yake yote, alisema mpiga ngoma, na Suwedi, na bibi harusi chini ya ushungi, na Bi Mwanakhamisi na mashangazi zake kwa sauti iliyonyooka. Na nilisema mimi, tena nikaongeza na kuinamisha kichwa kidogo.

Starehe ikishatoka haina mlango wa kurudia. Mheshimiwa alitikisa kichwa kwa shukrani, akalimalizia paja lake, akafuta vidole, akasimama mbele ya kipaza sauti. Alisema taifa zima limeshuhudia. Alisema walikuwepo wapinzani wanaodai wananchi wana njaa, na leo wananchi hao hao wameletwa na miguu yao mpaka mbele ya chakula, wakakaribishwa kwa moyo mkunjufu, wakasema hapana. Basi ushahidi gani mwingine unatakiwa? Sera imefanikiwa. Watu wameshiba. Kabla ya jioni redio ilikuwa imetangaza, kwa ile sauti ya msiba, kwamba punguzo la bei ya unga limeondolewa, kwa kuwa halina mtu linayemsaidia.

Tulirudi kwa mguu. Hakuna aliyepiga ngoma. Nyumbani kulikuwa na sufuria moja ya maharage niliyoiacha kapuni asubuhi kwa ajili ya Bi Jokha, aliyekuwa hali nyama. Niliigawa harusi nzima, kijiko kijiko, na chai ya rangi. Nililia mbele za watu, sikujificha. Ndiyo harusi ya mwanangu wa pekee, konzi kwa konzi, na mchele wake wameula watu wasiojua hata jina lake. Nilimpelekea Bi Mwanakhamisi kijiko chake nikingoja aniseme. Alikipokea, akala, akanirudishia kijiko. Hakusema kitu, na mpaka leo hajasema. Angesema nini, na sauti yake ilisikika televisheni?

*

Mize anaishi ng'ambo ya soko sasa. Anapika kwa kapu, na mtu kutoka Wizarani aliligundua hilo, wakaanza kwenda na kwake. Lakini watoto wa siku hizi wana mbinu zao. Ananiambia wakipiga hodi adhuhuri, yeye haondoki mkekani. Anaitikia kutoka ndani, mlango umefungwa, kwa sauti tamu kabisa: "Starehe." Yaani kaeni huko huko mlivyo, msihangaike. Wao somo hilo halikuwemo kwenye semina, hawajui lipi la kujibu, basi husimama nje mpaka jua liwachoke, kisha huandika kwamba kaya haikupatikana.

Niliipenda mbinu hiyo mpaka nikacheka peke yangu. Nikaifanyia mazoezi jikoni, nikamsihi Bi Jokha naye akae kimya mara moja tu, akakubali. Juzi adhuhuri maharage yako kapuni, konzi ya mchele iko motoni, nikasikia nyayo zinageuka kona. Bi Jokha akafumba mdomo wake kwa mkono. Vuai akaacha kutafuna. Hodi ikapigwa, ya Bwana Ngwali, naijua. Nikavuta pumzi, ile pumzi tuliyoshauriwa tuiangalie, nikalipanga neno vizuri ulimini.

"Karibuni," nikasema.

Wakavua viatu.